Katekisimu za kale na umodernisti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa na walei wanaotaka kujua Kanisa Katoliki linafundisha nini juu ya umodernisti. Wengi wamelisikia neno hilo kwenye video au kwenye makundi ya WhatsApp, likitumika zaidi kama tusi kuliko kama hoja. Maswali yenye uzito yamepewa nafasi kubwa. Mepesi tumeyapitia mbio mbio.

Umodernisti ni nini? Ni kupenda mambo ya kisasa?

Hapana. Gitaa kanisani, kinanda cha umeme, padri anayesoma masifu kwenye simu: hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho Kanisa lilikilaani kwa jina hilo. Mtu anaweza kupenda nyimbo za Kilatini na ubani mwingi, na bado akawa mmodernisti wa kutupwa.

Suala ni chimbuko la imani. Kanisa linasema Mungu amenena, nasi tumesikia. Mmodernisti anasema ndani ya binadamu kuna kiu ya Mungu, kiu hiyo hujitafutia maneno, na maneno hayo ndiyo tuliyozoea kuyaita ufunuo na dogma, yaani mafundisho rasmi ya imani. Kiu ikibadilika na nyakati, maneno nayo hayana budi kubadilika. Mwanzoni tofauti inaonekana ndogo, tena yule wa pili anavutia kumsikiliza. Mfuate hadi mwisho lakini, utakuta Ekaristi imebaki ukumbusho wa umoja wetu tu, na Kanisa limekuwa chama kilichojiundia katiba kadiri kilivyoona inafaa.

Ulianzia wapi?

Ulaya, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, hasa Ufaransa, Uingereza na Italia. Mwaka 1900 Adolf von Harnack, Mprotestanti wa Ujerumani, alichapisha mihadhara yake juu ya kiini cha Ukristo. Kwake kiini hicho ni Mungu kuwa Baba na roho ya binadamu kuwa na thamani isiyo na kifani. Kanisa na dogma zake ni maganda yaliyoongezwa baadaye. Padri mmoja Mfaransa, Alfred Loisy, bingwa wa Maandiko, akamjibu mwaka 1902 kwa kitabu kidogo. Ndani yake mna sentensi inayonukuliwa mpaka leo: Yesu alitangaza ufalme, likaja Kanisa. Watu huitumia kama dhihaka, ila Loisy aliiandika kama utetezi, kwamba ufalme usingeweza kuishi duniani bila Kanisa. Tatizo ni bei aliyolipa. Ili amshinde Harnack alikubali kwamba Kristo hakukusudia kuliweka Kanisa tunaloliona, na kwamba dogma ni tafsiri zilizokua taratibu kutokana na mahitaji ya waamini. Desemba 1903 vitabu vyake 5 vikawekwa kwenye orodha ya vitabu vilivyokatazwa, na Machi 1908 akatengwa rasmi na Kanisa.

Mwingine ni George Tyrrell, mzaliwa wa Dublin, aliyeingia Ukatoliki akawa Mjesuiti, kisha akaondolewa shirikani mwaka 1906. Alifariki Julai 1909 akiwa amezuiliwa sakramenti, akanyimwa maziko ya Kikatoliki. Rafiki yake padri Henri Bremond alimwombea kaburini, naye akasimamishwa huduma kwa muda. Historia hii ina majeraha ya watu halisi, na anayeisoma bila kuguswa nadhani hajaisoma vizuri.

Papa alichukua hatua gani?

Papa alikuwa Pio X, aliyechaguliwa mwaka 1903. Tarehe 3 Julai 1907 ilitoka hati inayoanza kwa maneno *Lamentabili sane exitu*, yenye orodha ya kauli 65 zilizolaaniwa. Tarehe 8 Septemba mwaka huo huo akatoa waraka *Pascendi Dominici gregis*. Tarehe 1 Septemba 1910 akaagiza kiapo dhidi ya umodernisti kwa wanaopokea daraja kuu, maparoko, waungamishi, wahubiri, wakuu wa mashirika na walimu wa seminari. Kwa sheria hiyo hiyo walipita pia mapadre wa Afrika Mashariki waliopadrishwa kabla ya 1967, kiapo kilipofutwa. Kwa hiyo si jambo la Wazungu peke yao, ingawa ugomvi wenyewe haukuanzia kwetu.

Pascendi inasema nini hasa?

Hapa tutakaa kidogo, maana wengi huutaja waraka huu bila kuufungua.

Pio X anamchora mmodernisti kama mtu mmoja mwenye nafsi nyingi: mwanafalsafa, muumini, mwanateolojia, mwanahistoria, mhakiki, mtetezi wa dini, mrekebishaji. Anasema nafsi hizi huchanganywa makusudi. Ukisoma ukurasa mmoja unaukubali kama Mkatoliki, ukigeuza unaofuata unakuta maneno ambayo asiyeamini Mungu angeyatia sahihi.

Anaanza na mwanafalsafa, kwa kuwa ndiko mzizi uliko. Huyu anaamini akili ya binadamu haiwezi kuvuka vitu vinavyoonekana, hivyo haiwezi kumfikia Mungu kwa hakika, na viumbe haviwezi kuwa ushahidi wake. Mlango wa nje ukishafungwa hivyo, dini itatoka wapi? Itatoka ndani. Kila mtu ana hitaji la Mungu lililojificha chini ya fahamu zake, na hitaji hilo huzaa hisia. Hisia ndiyo imani. Hisia hiyo hiyo, ikijitambua, ndiyo ufunuo. Akili inakuja baadaye, kama karani, kuandika kilichohisiwa. Akiandika kwa lugha nyepesi tunapata simulizi. Akiandika kwa ustadi tunapata dogma. Kalamu ya karani haimfungi aliyehisi. Ndiyo maana mwanateolojia wa kimodernisti anaziita dogma ishara, zenye faida zikikuza hisia na zinazofaa kuachwa zikishindwa.

Kisha anakuja mwanahistoria, na nadhani hapa ndipo Pio X alipokuwa mkali wa macho kuliko kwingine. Mwanahistoria huyu anadai hana upande, anafuata ushahidi tu. Waraka unaonyesha kwamba kanuni zake amezileta kutoka kwa mwanafalsafa kabla hajafungua hati hata moja. Akikuta muujiza anautoa, kwa sababu Mungu hawezi kuingia katika historia. Akikuta mtu aliyekuzwa na imani ya waliomfuata, anaondoa walichomkuzia. Akikuta maneno ambayo kwa maoni yake mtu wa mazingira yale asingeyasema, anayafuta nayo. Anayebaki mwishoni ni Yesu ambaye mwanahistoria alikuwa naye mfukoni tangu asubuhi.

Pio X aliuita mfumo huu mkusanyiko wa uzushi wote. Alikuwa na sababu: mzushi wa zamani alikana fundisho moja au mawili, lakini huyu anaweza kuyakiri yote, akiwa amekwisha kubadilisha maana ya kukiri.

Walioshutumiwa walilalamika kwamba hakuna hata mmoja wao aliyeshikilia mfumo mzima kama Papa alivyoupanga, na malalamiko hayo yana ukweli. Waraka wenyewe unasema mawazo hayo yalitolewa vipande vipande, bila mpangilio. Papa alifanya kazi ya kuviunganisha ili aonyeshe vinaelekea wapi, kwa hiyo tusome *Pascendi* kama ramani ya njia, tusiigeuze kuwa wasifu wa mtu fulani.

Kama waraka upo, kwa nini mnasisitiza katekisimu kwanza?

Kwa sababu *Pascendi* iliandikwa kwa maaskofu, nayo inaeleza ugonjwa. Asiyejua mwili mzima unavyokuwa ataisoma na kuanza kuona dalili kila mahali.

Katekisimu inakupa afya yenyewe, tena kwa maneno uliyozoea. Chukua Sala ya Imani unayosali kila asubuhi: «Mungu wangu, nasadiki maneno yote linayosadiki na linayofundisha Kanisa Katoliki la Roma, kwani ndiwe uliyetufumbulia hayo, wala hudanganyiki, wala hudanganyi.» Jiulize nasadiki kwa sababu gani. Si kwa sababu nimehisi, wala kwa sababu yananifaa, wala kwa sababu wazee wangu walifanya hivyo. Nasadiki kwa kuwa Mungu ameyafumbua, naye hadanganyi. Mistari hiyo michache ina jibu lote kwa yule mwanafalsafa wa *Pascendi*, na bibi asiyejua kusoma ameibeba kichwani miaka yote bila kumsikia Loisy.

Pio X mwenyewe alianza huko. Miaka 2 kabla ya *Pascendi*, tarehe 15 Aprili 1905, alitoa waraka *Acerbo nimis* juu ya kufundisha mafundisho ya Kikristo. Aliagiza maparoko wawafundishe watoto katekisimu saa nzima kila Jumapili na sikukuu, na watu wazima nao wafundishwe, mbali na mahubiri ya misa, kwa kutumia Katekisimu ya Trento, mpaka katika miaka 4 au 5 wawe wamepitia Kanuni ya Imani, sakramenti, Amri za Mungu, Baba Yetu na Amri za Kanisa. Watu humkumbuka kwa kiapo cha 1910 na kuisahau hiyo saa moja ya Jumapili, ambayo kwangu ndiyo dawa yenyewe.

Katekisimu zipi?

Ya kwanza ni Katekisimu ya Kirumi, yaani ya Mtaguso wa Trento, iliyotolewa mwaka 1566 chini ya Papa Pio V. Haina maswali na majibu kama wengi wanavyodhani. Ni kitabu kinene cha maelezo, kilichoandikiwa maparoko. Lugha yake ni tulivu. Ukiisoma sehemu ya Ekaristi utashangaa jinsi kitabu cha karne ya 16 kisivyo na makelele.

Ya pili ni Katekisimu ya Pio X. Kuna ya 1905, ndefu, na ya 1912, yenye maswali 433. Hii ya 1912 ndiyo tunayoipendekeza kwa anayeanza. Swali la kwanza linauliza nani aliyetuumba, na jibu ni kwamba ametuumba Mungu. Huwezi kwenda kinyume cha umodernisti kwa maneno machache kuliko hayo: kabla ya hisia yangu yoyote, yupo Mwingine aliyenitangulia.

Kwa wasomaji wa Kiingereza ipo Katekisimu ya Baltimore ya 1885, iliyotokana na mtaguso wa maaskofu wa Marekani wa mwaka uliotangulia.

Mwisho, kwa somo letu hasa, kuna kitabu cha padri Jean-Baptiste Lemius, Mwoblati wa Ufaransa, aliyeichukua *Pascendi* nzima mwaka 1907 na kuikatakata kuwa maswali na majibu. Majibu ni maneno ya Papa mwenyewe; maswali ni ya Lemius. Kinafaa sana, ila kisiwe cha kwanza.

Sijui Kiitaliano wala Kilatini. Kiswahili kipo?

Tumia Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya 1992, ambayo ipo kwa Kiswahili, pamoja na katekisimu ndogo ya maswali na majibu uliyofundishiwa komunyo ya kwanza au kipaimara. Vijitabu vile vya misioni ni watoto wa Trento, hata kama jalada limechakaa.

Nionyesheni kwa mfano: katekisimu inajibuje umodernisti?

Kile kiapo cha 1910 kina kauli 5 kuu mwanzoni. Zipange mbele yako, kisha fungua katekisimu.

Kauli ya kwanza ni kwamba Mungu anaweza kujulikana kwa hakika kwa nuru ya akili, kupitia viumbe, kama sababu inavyojulikana kwa matokeo yake. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulishalifundisha hilo mwaka 1870, Paulo analisema katika Warumi 1:20, na katekisimu ya 1992 inalirudia namba 36. Mwanafunzi anayejua kusema «najua Mungu yupo kwa kuwa dunia haikujiumba» amekwisha kukataa hatua ya kwanza ya mfumo mzima. Anaweza kuonekana mshamba mbele ya mhadhiri, lakini hoja yake ina miguu.

Ya pili ni miujiza na unabii kuwa alama za nje za ufunuo, alama za hakika zinazofaa akili za watu wa nyakati zote. Neno la kushika ni *nje*. Mmodernisti hapingi kwamba waamini waliona maajabu. Anasema waliyaona kwa sababu walikwisha kuamini. Katekisimu inaweka kinyume: Lazaro alitoka kaburini, na wengine wakaona na bado hawakuamini.

Ya tatu ni kwamba Kanisa liliwekwa moja kwa moja na Kristo mwenyewe, yule wa historia, alipokuwa akiishi kati yetu, likajengwa juu ya Petro. Hapo ndipo Loisy alipoteleza, na kauli ya 52 katika *Lamentabili* inamgusa waziwazi.

Ya nne ni kwamba mafundisho tumeyapokea kutoka kwa Mitume kwa maana ile ile. Hili lina swali lake hapo chini.

Ya tano ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kiapo kinasema imani si hisia pofu inayochipuka kutoka vilindi vya nafsi. Ni kukubali kweli kwa akili, kweli iliyopokelewa kutoka nje, kwa kusikia. Ni Paulo tena: «imani, chanzo chake ni kusikia.» Kwa sisi tuliolelewa na makatekista hilo halihitaji falsafa. Mtu mmoja alitembea kwa miguu hadi kijijini, akakaa chini ya mwembe na kutamka habari ambayo hakuna aliyekuwa ameihisi kabla hajafika. Kardinali Lavigerie aliwaagiza Wamisionari wa Afrika wasimbatize mtu mzima kabla ya ukatekumeni wa miaka 4. Kama imani ingekuwa kuamsha tu kilichomo, miaka 4 ya kusikiliza ingekuwa ya nini?

Kwa hiyo hisia hazina nafasi? Mimi nilimpata Mungu katika uamsho.

Zina nafasi. Machozi ya toba ni zawadi, na anayesali rozari kwa moyo mkavu haombwi aringe kwa ukavu wake. Kilichokataliwa ni kuifanya hisia kuwa hakimu wa ukweli. Ukirudi nyumbani kutoka uamsho na wiki inayofuata husikii chochote, Mungu bado ni yule yule, na Ekaristi bado ni Mwili wa Kristo.

Je, mafundisho hayakui kabisa?

Yanakua. Mtakatifu Vinsenti wa Lerins, katika karne ya 5, alitoa mfano wa mwili: mtoto anakuwa mtu mzima, viungo vinanenepa na kurefuka, lakini ni mtu yule yule na viungo ni vile vile. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ukachukua maneno yake: uelewa na ukue, ila katika dogma ile ile, kwa maana ile ile na hukumu ile ile.

Wamodernisti walipenda kumtaja John Henry Newman, aliyeandika juu ya kukua kwa mafundisho mwaka 1845 na kufariki 1890, kama baba yao. Baada ya *Pascendi* watu wakauliza kama naye amelaaniwa. Mwaka 1908 Pio X alimwandikia askofu wa Limerick, huko Ireland, kumsafisha Newman na tuhuma hiyo. Newman akatangazwa mtakatifu mwaka 2019. Kipimo ni rahisi kukitaja, kigumu kukitumia: fundisho jipya linaeleza la zamani, au linalikana? Mtaguso wa Nikea uliposema Mwana ni wa umungu mmoja na Baba ulitumia neno ambalo halimo katika Biblia, ili kulinda kile kilichomo.

Nikisoma Biblia kwa kuangalia historia, lugha na aina za uandishi, nimekuwa mmodernisti?

La. Hapa Wakatoliki wa msimamo mkali wamewaumiza watu wema. Padri Marie-Joseph Lagrange, Mdominiko aliyeanzisha shule ya Biblia Yerusalemu mwaka 1890, alishukiwa kiasi cha kuondolewa huko kwa muda mwaka 1912. Alitii, akarudi, akaendelea na kazi hadi uzee. Mwaka 1943 Papa Pio XII, katika waraka *Divino afflante Spiritu*, aliwahimiza wasomi Wakatoliki wachunguze lugha asilia na namna za uandishi za watu wa kale. Lagrange alikuwa amefariki miaka 5 kabla.

Kuchunguza mwandishi alitaka kusema nini ni haki ya Maandiko. Kuamua mapema kwamba Mungu hawezi kutenda, kisha kuita uamuzi huo matokeo ya utafiti, ndilo kosa.

Kiapo kilifutwa mwaka 1967. Basi suala limekwisha?

Kilichofutwa ni wajibu wa kuapa. Kuondoa kiapo hakufanyi kauli iliyolaaniwa iwe kweli. Tangu 1989 wanaopewa ofisi fulani katika Kanisa wanakiri imani na kuapa uaminifu kwa matini mengine, na katekisimu ya 1992 inafundisha mambo yale 5 bila kutaja umodernisti kwa jina.

Katekisimu ya 1992 yenyewe si ya kimodernisti?

Swali hili huja kila wiki, kwa hasira. Fungua yaliyomo: Kanuni ya Imani, sakramenti, maisha katika Kristo pamoja na Amri, kisha sala. Ni nguzo zile zile 4 za Trento, kwa mpangilio ule ule. Utangulizi wake unafungwa, namba 25, kwa maneno ya Katekisimu ya Kirumi. Namba 66 inasema hakuna ufunuo mwingine wa hadhara wa kutazamiwa kabla ya Kristo kurudi katika utukufu, ambalo ni jibu kwa kauli ya 21 ya *Lamentabili*. Namba 150 inaeleza imani kuwa ni mtu kujiambatanisha na Mungu na, bila kutenganishwa na hilo, kukubali kwa hiari kweli yote aliyoifunua.

Ya 1992 ni pana na ina lugha ya mababa wa Kanisa. Ya 1912 ni fupi na kali. Tunasoma ya zamani kwa ajili ya mifupa na mpya kwa ajili ya nyama. Anayekuambia uchague moja na kuichoma nyingine anakupeleka mahali ambapo Pio X, mtu aliyedai utii kwa Papa aliye hai, asingekufuata.

Zinapotofautiana nifuate ipi?

Kwanza angalia tofauti ni ya aina gani. Nyingi ni za sheria. Vitabu vya zamani vinasema ufunge tangu usiku wa manane kabla ya komunyo. Pio XII alipunguza hadi saa 3 mwaka 1957, na Paulo VI hadi saa 1 mwaka 1964. Fuata sheria ya leo, bila wasiwasi. Nyingine ni maoni ya wanateolojia yaliyofundishwa kwa muda mrefu bila kuwa dogma, kama limbo, yaani mahali palipodhaniwa kuwa pa watoto waliokufa bila ubatizo; namba 1261 ya katekisimu mpya inawaaminisha watoto hao kwa huruma ya Mungu. Zipo chache zinazojadiliwa kwa joto hadi leo, kama namba 2267 juu ya adhabu ya kifo iliyoandikwa upya mwaka 2018. Hilo muulize padri mwenye elimu ya maadili, usimuulize mtu wa kwenye makundi ya WhatsApp.

Naweza kumwita paroko wetu mmodernisti?

Usifanye hivyo. Baada ya 1907 Monsinyori Umberto Benigni aliendesha mjini Roma mtandao wa siri wa kukusanya taarifa juu ya watu walioshukiwa, na wengi wasio na hatia wakachafuliwa. Benedikto XV, katika waraka wake wa kwanza wa tarehe 1 Novemba 1914, aliendelea kuulaani umodernisti, na papo hapo akakataza Wakatoliki kupachikana majina. Inatosha kila mmoja kusema Mkristo ni jina langu, Mkatoliki ni ubini wangu. Mtandao wa Benigni ulivunjwa mwaka 1921.

Padri akisema jambo linalokusumbua, mwendee sakristia baada ya misa: «Padri, Tumsifu Yesu Kristo. Sikuelewa vizuri ulivyosema juu ya mkate kuzidishwa, nieleweshe.» Mara nyingi utakuta alichosema si ulichosikia.

Kukariri maswali na majibu hakuwafanyi watoto kuwa kasuku?

Kunaweza, kama katekista anaishia hapo. Lakini mtoto asiyekariri chochote hana cha kutafakari akifika miaka 20. Mkaririshe maneno 15 leo, mweleze kwa picha na hadithi ya Injili, kisha mwulize wiki ijayo kwa maneno yake mwenyewe. Pio X, aliyefungulia watoto wa umri wa miaka 7 hivi mlango wa komunyo mwaka 1910, hakudai wajue kila kitu; alitaka wajue mafumbo makuu kadiri ya umri wao na watofautishe Ekaristi na mkate wa kawaida.

Tuanzeje katika jumuiya?

Mpeni taarifa paroko, kisha chagueni siku isiyogongana na jumuiya ndogo ndogo. Anzeni na Nasadiki, kipengele kimoja kwa kikao. Msimamizi asome swali la katekisimu ndogo, watu wajibu, ndipo afungue namba husika ya katekisimu ya 1992 na kifungu cha Biblia. Umodernisti msiutaje kabisa mpaka mmalize Kanuni ya Imani na sakramenti. Mkifika hapo chukueni *Lamentabili*, kauli moja moja, na kila mtu atafute katika katekisimu sentensi inayoijibu. Ni zoezi gumu kuliko linavyoonekana, na wazee huwashinda wasomi mara kwa mara. *Pascendi* iwe ya mwisho.

Mwanangu yuko chuo kikuu, anasema ufufuko ni ishara tu, na kwamba kinachohesabika ni kuishi kama Yesu. Nimjibu nini?

Kwanza usimfukuze mezani. Anachosema kilishasemwa na watu wenye akili kubwa, na huenda hajui kwamba kina historia. Kauli ya 36 ya *Lamentabili* ilikataa wazo kwamba ufufuko si tukio la historia, na ya 26 ikakataa kwamba dogma ni mwongozo wa kutenda tu, si wa kusadiki.

Kisha msome naye Nasadiki polepole, mkisimama kwenye jina la Ponsyo Pilato. Mwulize gavana wa Kirumi anafanya nini ndani ya sala. Hakuna anayeweka jina la mkuu wa mkoa katika ishara. Kanuni inasema mateso yalitukia chini ya mtawala fulani, na kwa pumzi hiyo hiyo, bila kubadili sauti, inasema siku ya tatu akafufuka. Paulo naye aliwaandikia Wakorintho kwamba kama Kristo hakufufuka imani yao ni bure, akawataja waliomwona, wengi wao wakiwa bado hai.

Akisema wanafunzi walijawa na hamu hadi wakaona walichotaka, mpeleke namba 643 ya katekisimu ya 1992, inayokumbusha kwamba walikuwa wamevunjika moyo na waliwaona wanawake waliotoka kaburini kuwa wanapayuka. Tengeni jioni chache kwa namba 638 hadi 658, aya kwa aya. Pale anapokwama awekee alama kwa penseli, na alama hizo apelekewe padri wa chuo.